Kompyuta Haina Wino

Mimi ndiye niliyebonyeza "Ndiyo". Nalisema mapema asije mtu akadhani nataka kulizungukia. Nilibonyeza mara elfu moja mia nne na zaidi, siku baada ya siku, chai yangu ikiwa pembeni, na kila mara niliamini nafanya kazi nzuri.

Ofisi yetu ni ya makaburi ya manispaa. Nikimwambia mtu hivyo, husogeza kiti nyuma kidogo, lakini kazi yenyewe ni ya karatasi tu. Nani kazikwa, lini, kaburi namba ngapi, nani alileta mwili. Nimekaa masjala miaka kumi na tisa na sijawahi kushika jembe. Waliokufa nawajua kwa majina, na wengine nawajua kwa makosa ya majina.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Mzee Kalamu, kwa sababu kalamu mbili hazikumtoka mfukoni, moja nyekundu na moja ya buluu. Makaburi yetu yana pande mbili zilizotenganishwa na ukuta. Upande wa zamani ulijaa, ukafunguliwa upande mpya, na Mzee Kalamu akafungua kitabu kipya na kuanza tena na namba moja. Nilimuuliza kwa nini asiendelee na hesabu pale ilipofika. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"We mama, ukihamia nyumba mpya unaendelea kuhesabu vyumba vya nyumba ya zamani?"

Basi zikawapo namba moja mbili, namba kumi mbili, namba mia moja mbili. Za upande wa zamani aliziandika kwa wino mwekundu, za upande mpya kwa buluu, na vibao vya chuma kule makaburini vikapakwa rangi hizohizo. Ukisema "arobaini nyekundu", mchimbaji anajua aende wapi. Ukisema "arobaini" peke yake, atakuuliza kama umelewa. Hakuna aliyewahi kuandika popote kwamba nyekundu ni zamani na buluu ni mpya. Nani aandike? Tulijua wote, kama unavyojua mlango wa chooni kwenu.

Mzee Kalamu akastaafu, na haukupita mwaka akaingia mwenyewe kwenye kitabu, kwa wino wa buluu. Kisha kompyuta ikaja. Ikaja na bosi mpya aliyependa meza tupu, na fundi mwenye simu mbili ambaye alituketisha na kutueleza habari za hifadhidata. Alieleza vizuri, sitamwonea. Alisema ni kabati moja kubwa lisiloonekana, kila kaburi lina mlango wake, na mlango unafunguliwa kwa namba. Ukiandika namba, mlango unafunguka kabla hujapepesa jicho. Tulipiga makofi.

Kwenye skrini palikuwa na nafasi ya namba, jina, tarehe ya kuzikwa na jina la ndugu. Nikamuuliza, "Fundi, na rangi?"

Akacheka. "Mama, kompyuta haina wino."

Nami nikacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, na kinachoniuma ni kwamba kilikuwa cha kweli. Nilijiona mshamba niliyekaribia kujiaibisha mbele ya watu.

Nikaanza na kitabu chekundu. Miezi mitatu, jina kwa jina. Nilipomaliza nikafungua cha buluu, nikaandika namba moja, na kompyuta ikaniambia: "Rekodi hii ipo. Je, unataka kuibadilisha?" Nilimwita fundi. Alikuwa na simu sikioni, akachungulia skrini, akasema, "Bonyeza Ndiyo, inakuuliza kwa heshima tu." Nikabonyeza. Namba mbili ikaniuliza tena, nikabonyeza. Kufikia mchana kidole kilikuwa kinatangulia chenyewe kabla sijasoma.

Mlango mmoja haukai watu wawili. Kila aliyeingia kwa buluu alimtoa nje aliyeingia kwa nyekundu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia. Kitabu cha buluu kilikuwa na makaburi mengi kuliko chekundu, kwa hiyo nilipomaliza hakubaki hata mmoja wa upande wa zamani. Vitabu vyenyewe bosi alivipakia kwenye gari vikaenda kiwandani kusagwa, tukapigwa picha chini ya bango lililosema "Ofisi Isiyo na Karatasi". Mimi ni yule wa katikati, ninayetabasamu.

Miaka mitano hakuna aliyegundua. Wenye makaburi ya zamani walikuwa wamezoea njia, walikwenda wenyewe bila kupita kwetu. Halafu likaja tangazo kwamba barabara inapanuliwa na upande wa zamani wote utachukuliwa. Ndugu walipewa siku sitini kuleta jina na namba ya kaburi, wahamishiwe mtu wao upande mpya. Asiyedaiwa na mtu, mashine ingempitia juu.

Siku ya kwanza ya tangazo, kabla sijafungua dirisha, dada yangu alikuwa mlangoni.

Dada ndiye aliyenilea. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka minane na yeye ishirini, akashona nguo za watu mpaka nikamaliza shule. Aliolewa, akapata mtoto mmoja wa kike, na mtoto akaishi siku mbili. Dada alikuwa bado kitandani hospitali, hajiwezi, shemeji na watumishi wawili ndio waliokwenda kuzika. Karatasi ya namba alibaki nayo shemeji, na shemeji akaenda kutafuta kazi mbali, karatasi na yeye mwenyewe havijarudi hadi leo. Mtoto mwingine dada hakupata. Miaka ishirini na sita hakuwahi kwenda makaburini. Nilipoajiriwa pale alifurahi kuliko mimi, akasema, "Siku nikiwa tayari, mdogo wangu atanionyesha."

Sasa alikuwa mbele yangu na mkoba wake wa kushonea kwapani.

"Nipo tayari," akasema. "Wasije wakampitishia magari."

"Kaa, dada. Ni dakika moja."

Niliandika jina. Kumbukumbu za namna hiyo huandikwa "Mtoto wa", kisha jina la mama. Kompyuta ikasema hakuna. Nikaandika kwa herufi tofauti, ikasema hakuna. Nikatafuta kwa mwaka, na mwaka mzima ule haukuwa na mtu hata mmoja aliyekufa. Nikarudi mwaka wa nyuma yake, hakuna. Kumi nyuma, hakuna. Nikaandika namba moja, nikaona jina la mzee aliyezikwa siku upande mpya ulipofunguliwa, na hapo nikaelewa yote kwa mara moja.

"Vipi?" dada akauliza.

"Mfumo una tatizo kidogo."

Ndivyo nilivyosema. Mfumo! Wenzangu, neno hilo ni pana, linaficha watu wengi.

Nilimpigia fundi. Siku hizi yuko kampuni nyingine, lakini alikuja kwa wema tu, akakaa mbele ya mashine kwa muda wa saa tatu. Nilimuuliza kuhusu nakala ya akiba, maana tuliambiwa ipo. Ipo, akasema, inajinakili kila wiki juu ya ile ya wiki iliyopita. Kosa langu lilikuwa limenakiliwa mara mia mbili na sitini kwa uaminifu mkubwa. Alipomaliza akavua miwani akaifuta muda mrefu.

"Wino ndio uliokuwa habari yenyewe, mama," akasema. "Nisamehe. Ningekusikiliza."

Sikuwa na nguvu hata ya kumgombeza. Tena yeye alisema mara moja. Aliyebonyeza ni mimi.

Bosi nilimweleza siku ileile. Alifunga mlango, akaniuliza kama kuna mwingine anayejua, kisha akatoa agizo. Itatengenezwa orodha mpya ya uhamisho, wenye karatasi za namba waandikwe, wasio na karatasi waambiwe kumbukumbu za zamani ziliharibika. Funika kombe mwanaharamu apite. "Asiye na namba," akasema, "tutamsaidiaje?" Na ukweli ni kwamba hakuwa na roho mbaya. Hakuwa na jibu, basi, kama mimi.

Lakini mimi sikuweza kuacha. Jambo ambalo sikumwambia fundi, wala bosi, wala mtu, ni kwamba jina la dada niliwahi kuliona. Kitabu chekundu nilikiandika chote kwa vidole hivi. Nakumbuka kabisa mchana ule: nilifika kwenye "Mtoto wa", nikasoma jina la dada yangu, nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaendelea na mstari uliofuata. Nakumbuka hata kikombe. Namba siikumbuki. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimefumba macho nikijaribu kuuona ukurasa ule, naona mwandiko wa Mzee Kalamu, naona wino, na pale penye namba hapaonekani kitu.

Nikaanza kutafuta kwa akili. Mzee Kalamu alitoa namba kwa kufuata siku za mazishi. Basi kila aliyeleta karatasi nilimuuliza alimzika lini, nikaandika pembeni kwa penseli. Mwalimu mstaafu alikuwa na 131, mama yake kazikwa mwezi wa tano mwaka ule. Muuza vyuma alikuwa na 160, kaka yake wa mwezi wa saba. Mtoto wa dada alizikwa katikati hapo, mwezi wa sita. Nilikwenda na mchimbaji wetu tukatembea kibao kwa kibao, kutoka 132 hadi 159. Tukatoa makaburi ya watu wazima, yanajulikana kwa urefu. Tukatoa yaliyokwisha kudaiwa. Yalibaki kumi na moja, yote mafupi, yote kimya, vibao vimepauka hata wekundu hauonekani vizuri.

"Zaidi ya hapa ni kupiga ramli," mchimbaji akasema.

Dada alikuja kila Ijumaa. Nilimwambia bado wanatengeneza. Alinunua kitambaa cheupe akashona shuka dogo la kumpokelea, lenye ukingo wa mishono midogo ambayo kwa wateja haishoni siku hizi kwa sababu ya macho. Alinionyesha. Nilisema ni zuri. Mchuma janga hula na wa kwao, walisema waliotangulia, lakini hawakusema utakaa vipi mezani ukimtazama anavyokula.

Siku ya sitini ikafika. Orodha ilikuwa inafungwa saa kumi jioni, na saa nane dada alikuwa ameketi kando yangu, upande wa ndani wa dirisha, mahali ambapo wananchi hawaruhusiwi. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilianza kabisa.

"Dada, zile kumbukumbu…"

"Niandike kwanza," akasema. "Tutaongea wakishafunga."

Nikafungua fomu. Jina la marehemu: Mtoto wa. Jina la ndugu. Uhusiano: mama. Namba ya kaburi nikairuka, nikabonyeza "Hifadhi" nikitumaini itapita, kisha nimweleze bosi tuombe wote kumi na moja wahamishwe. Ikaandika kwa herufi nyekundu: "Jaza namba ya kaburi." Nikaweka sifuri. "Namba si sahihi." Nikaweka nukta. "Namba si sahihi." Nilikwenda kwa bosi, nikamwomba hao kumi na moja. Akasema wachimbaji wamepangiwa kwa idadi ya orodha, na orodha haipokei mtu bila namba. Nikarudi. Dada alikuwa anaitazama skrini kwa makini, ingawa bila miwani haoni hata ukubwa wa herufi.

"Inakataa nini?"

"Inataka namba."

"Si uipe?"

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika hamsini. Nikaandika 147. Ikapokea. Haikuuliza chochote, hata kwa heshima.

"Ngapi hiyo?"

"Mia moja arobaini na saba."

"Mia moja arobaini na saba," dada akasema polepole. Aliirudia mlangoni, akairudia barabarani. Kesho yake nilipofika kwake nikakuta ameiandika kwa chaki ya kushonea ukutani, juu ya cherehani.

Moja katika kumi na moja. Nilijiambia huenda ni yeye. Kwa nini asiwe yeye? Lazima awe mmoja wao. Usiku na mchana nilifanya hesabu hiyo ya darasa la tatu, na jibu halikubadilika.

Walimhamisha Jumatano asubuhi. Kilichotoka ardhini kilikuwa kidogo sana, kilienea kwenye kisanduku cha mbao unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Dada alikibeba kwa miwili. Alikifunika kwa lile shuka, akatembea nacho kupita lango la ukuta mpaka upande mpya, mimi nikiwa nyuma yake, na hakutaka mtu ampokee. Walipomaliza kufukia alipiga magoti akasawazisha udongo kwa viganja, akapiga polepole kama anambembeleza mtu alale. Kisha akanishika mikono yote miwili, akavibusu vidole.

"Mungu aibariki mikono hii," akasema.

Nilitamani ardhi ile iliyo wazi inimeze. Nikasema "Amina", ningefanyaje.

Tangu hapo dada amekuwa mtu mwingine. Anacheka. Kila Jumapili asubuhi anakwenda, anafagia, anang'oa majani, anakaa anashona shona na kumwambia mtoto habari za wiki nzima. Ameniambia huwa wanakubaliana mambo. Mashine zilikuja wiki iliyofuata zikaupiga upande wa zamani, siku nne tu ukawa sawasawa. Wale kumi wako chini, na juu yao sasa pamewekwa kokoto. Nikiwaza kusema ukweli, nauliza: nitampa nini badala yake? Nitamtoa kwenye kaburi nimpeleke kwenye kokoto? Nikawa nimejipa amani ya namna hiyo, amani ya mtu aliyekalia msumari akazoea.

Jumanne iliyopita alikuja mwanamume dirishani. Dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa miaka sitini hivi, kofia ameivua kabla hajafika. Alisema amekuwa nje ya nchi miezi mitatu, tangazo amelisikia juzi tu kwa mpangaji mwenzake.

"Najua nimechelewa, mama. Nimeona mmeshasawazisha. Nimekuja kuuliza tu, wale wasiodaiwa mliwapeleka mahali pamoja? Nijue nisimame wapi."

"Unayo namba?"

"Karatasi ilishalowa zamani. Lakini namba naijua, nilichimba kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanangu wa kiume. Mia moja arobaini na saba."

Sikuhitaji kutafuta. Nilitafuta hata hivyo, kwa sababu alikuwa ananitazama na nilihitaji mahali pa kuweka macho. Mlango ukafunguka kabla sijapepesa. Kaburi la zamani: 147. Hali: Limehamishwa. Kaburi jipya: 2306. Chini yake jina la karani aliyethibitisha, na karani ni mimi.

"Amehamishwa," nikasema. Sauti ilitoka tu.

Akaweka kofia mdomoni. Machozi yakamtoka mtu mzima yule mbele ya foleni ya watu, wala hakujali. "Mlimhamisha?" akasema. "Bila mtu wake? Mlimhamisha wenyewe?" Akaniombea kwa Mungu, mimi, watoto wangu na ofisi nzima. Aliuliza ni wapi hasa. Ningesema nini? Ni mwanawe. Nilimwandikia kwenye karatasi: upande mpya, safu ya nne, 2306.

Aliikunja karatasi mara mbili akaiweka mfuko wa shati.

"Leo napakia mzigo, narudi Jumamosi usiku," akasema. "Jumapili asubuhi nitakuwa pale mapema, nikae naye kidogo kabla watu hawajaja."

Nilifungua mdomo nimwambie aende Jumatatu. Akaniaga vizuri sana, akaondoka, na aliyefuata kwenye foleni akasukuma karatasi zake dirishani.